Basari si huduma: maneno yangu kwa wazazi wa Gusii

UZI. Jumamosi niliombwa kuongea na wazazi katika shule moja ya msingi, huku mpakani mwa Kisii na Nyamira. Wengi mmeniuliza nilisema nini. Haya hapa, karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Wazazi wenzangu, bwakire. Nianze na mtoto wangu ndio msiseme namsema wa jirani. Yuko gredi ya tano. Hesabu za kipindi kizima anazimaliza kwa dakika kumi, halafu zile dakika zingine anachokoza wenzake. Muhula mmoja niliitwa shuleni mara tatu, kila mara ni utundu. Hakuna aliyeuliza mbona anamaliza mapema. Hata mimi sikuuliza. Nilimchapa, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwalimu wake simlaumu, ana watoto sitini na kitu mbele yake.

Sasa tuje siasa, na sitataja mtu wala chama. Kila msimu wa kura mgombea anasimama sokoni anasema hakuna mtoto mwerevu wa huku atakayekosa masomo. Tunapiga makofi. Ukimbana atafanya nini hasa, jibu ni moja: basari. Mimi sina ubaya na basari, imesomesha watu wengi waliokaa hapa. Lakini basari inamlipia karo mtoto ambaye tayari amefika sekondari. Huyu wa miaka tisa anayesinzia darasani kwa sababu anangoja wengine haimsaidii kitu. Hiyo ni zawadi ya mwisho wa safari. Sisi tunauliza habari ya njiani.

Na sheria ipo! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 44, inapowataja watoto wenye mahitaji maalum, inawahesabu pia wale wenye vipawa vya kipekee. Wako kwenye orodha moja na asiyeona na asiyesikia. Sera ya elimu maalum ya 2009 nayo iliwataja. Lakini ile iliyokuja 2018, kama jina lake linavyosema, ni ya wanafunzi wenye ulemavu. Kwa hivyo sheria inamjua mtoto wako, ila ukiingia ofisini na sera mpya mkononi huna pa kumwonyeshea. Hapo ndipo swali la mgombea wa ubunge lilipo, si kwa basari.

Nimesema ubunge makusudi. MCA akikuahidi kituo cha watoto werevu katika shule ya msingi, mwulize ni kwa bajeti gani. Katiba imeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Watu wanagombana na gavana juu ya kitu ambacho hata hana.

Hapo mama mmoja alisimama akanikata. Akasema, "Mwalimu, wangu hajajua kusoma hata sasa. Mnataka mwalimu amwache ahudumie wenu?" Ukumbi ukanyamaza. Nilimwambia mama, una haki kuuliza. Lakini mlango wetu ni mmoja. Kuna vituo vya tathmini ya elimu, vile walimu wanaita EARC, vilianza nchini 1984. Mtoto wako anapimwa pale ijulikane kusoma kunamshindia wapi. Wangu naye anafaa kupimwa palepale. Kituo kikikosa watumishi, tunakosa sote wawili. Na mimi siombi darasa la kifahari. Naomba wangu aingie gredi ya sita kipindi cha hesabu peke yake, kisha arudi kwa wenzake. Hiyo haihitaji jengo, inahitaji karatasi ya mtaalamu na mwalimu mkuu anayekubali.

Aibu nayo ituondoke. Wengine hapa hamwendi kituoni kwa sababu watu watasema mtoto ana kasoro. Wacha waseme.

Tena tusidhani kipawa ni hesabu tu. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, Mexico 1968, mbio za mita 10,000, mtu wa jamii hii hii yetu. Na kule Tabaka kuna watoto wanachonga mawe ya sabuni vizuri kuliko watu wazima, halafu ripoti ya shule inawaita wazito. Sasa kwa kuwa sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo, mtoto kama huyo atatambuliwa na nani kabla hajafika gredi ya kumi?

Basi hivi ndivyo nilivyofanya. Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu, nikataja kifungu cha 44, nikaomba mtoto apelekwe kupimwa. Nakala nimepeleka kwa bodi ya elimu ya kaunti, ambayo kwa sheria hiyo hiyo ndiyo yenye jukumu la vituo hivyo. Wiki ya tatu hii, bado nangoja jibu. Mwenye kutaka kuona nilivyoiandika aniulize hapa chini.