Kipimo cha Kazi na Moyo wa Mtenda Kazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bukoba



Bwana Katibu alipotuandikia kututaka tuseme juu ya elimu ya kusimamia kazi, na juu ya jambo limtialo mtu bidii kazini, tuliona kuwa ni neno kubwa kuliko kimo chetu. Sisi si wakuu wa kazi. Sisi ni watu wa kalamu na majalada. Lakini tulipofikiri tena tukaona kwamba habari za mzigo huulizwa mchukuzi pia, wala si mwenye mali peke yake. Basi tukakubali.

Elimu hii husimuliwa kwa jina la mtu mmoja wa Marekani, Frederick Winslow Taylor. Mwaka 1899 alikuwa katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, jimbo la Pennsylvania. Palikuwa na wachukuzi waliopakia vipande vya chuma katika mabehewa ya gari la moshi, kila kipande ratili 92, na mtu mmoja alipakia kadiri ya tani 12 na nusu kwa siku. Taylor akapiga hesabu zake, akasema kwamba mtu mwenye nguvu, akiambiwa lini ainue na lini apumzike, aweza kupakia tani 47. Akamchagua mmoja, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1911 amemwita Schmidt, na jina lake hasa ni Henry Noll. Akaambiwa: ukitii yote utakayoamriwa, mshahara wako wa dola 1.15 kwa siku utakuwa dola 1.85. Akatii, akapakia.

Sisi makarani tumezoea hesabu, basi na tuipige hii. Kazi iliongezeka karibu mara 4. Mshahara uliongezeka kwa kadiri ya sehemu 60 katika kila 100. Tena wenye kuchungua waliozifukua habari hizi baadaye wameona ya kuwa Taylor aliipamba hadithi yake katika kuisimulia.

Hata hivyo tusimdhulumu. Taylor ndiye aliyeona kwamba watu walipewa koleo moja kwa makaa mepesi na kwa mawe mazito ya chuma, akasema kila kitu kiwe na koleo lake, ili mzigo wa kila mchoto uwe karibu ratili 21. Ndiye aliyeandika kwamba mchukuzi hana budi kupumzika, na kwamba kupumzika kwenyewe ni sehemu ya kazi. Ni wakuu wangapi tuliowaona sisi wanaojua hilo? Kosa lake, kwa maoni yetu, lilikuwa jingine. Aliigawa kazi mafungu mawili: mmoja afikiri, na mwingine atende. Yule mtendaji hakuulizwa neno.

Jambo hilo halikukaa kimya. Mwezi wa Agosti mwaka 1911, katika kiwanda cha silaha cha Serikali huko Watertown, mafundi wa kumimina chuma waliacha kazi kwa sababu mtu mwenye saa ya kupimia nukta alisimamishwa nyuma yao. Bunge la Marekani likafanya uchunguzi, na mwaka 1915 likakataza fedha za jeshi zisitumiwe kwa kupima watu kwa saa ile.

Tena kuna habari za kiwanda cha simu cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako majaribio yalifanywa toka mwaka 1924 hata mwaka 1932. Wengi hupenda kusimulia habari za wanawake 5 waliotengwa chumbani toka mwaka 1927, wakapewa mapumziko, wakasikilizwa, na kazi yao ikazidi. Hawasimulii sana kwamba 2 kati yao waliondolewa upesi, wakawekwa wengine, kwa kuwa hawakuwapendeza wasimamizi. Lakini sisi twapenda zaidi chumba kingine, cha wanaume 14 waliofunga nyaya, waliotazamwa toka Novemba 1931 hata Mei 1932. Hao walilipwa kwa kadiri ya kazi ya kundi zima, na kwa hesabu za wakuu ilipasa kila mtu amhimize mwenziwe. Haikuwa hivyo. Walipatana wenyewe kwa wenyewe kipimo cha siku, na aliyekimbia mno alipigwa ngumi ya begani, kwa mzaha usio mzaha. Kwa nini? Waliogopa kwamba wakifanya zaidi, malipo ya kila kipande yatapunguzwa, au wenzao watafukuzwa. Hawakuwa wavivu, bali hawakuamini mkono ulioshika kipimo.

Sasa tuseme ya kwetu, maana pengine mtu atawaza moyoni kwamba haya ni ya Wazungu na mashine zao.

Nyote mnajua kibanja cha Mhaya. Kabla ya kuja mkaguzi yeyote wa kilimo, watu wa nchi hii walikata nyasi nyikani, wakazichukua kichwani, wakazitandaza chini ya migomba. Walichota samadi ya ng'ombe, wakaisambaza. Walikata majani makavu, wakayalaza. Hapakuwa na daftari wala faini. Mtu alifanya hivyo kwa sababu kibanja ni chakula chake, ni heshima yake mbele ya jirani, na ndimo walimolala wazazi wake.

Basi mwaka 1937 zilitolewa amri za kutunza mibuni, na watu wa Bukoba wakazipinga hata pakatokea fujo. Baada ya hapo, katika miaka ya 1953 na 1954, ikaja habari ya mdudu wa migomba: yule mweusi mdogo atagaye kwenye shina, na mabuu yake hulitoboa shina hata mgomba ukaanguka kwa upepo kidogo. Dawa iliyoamriwa ilikuwa kusafisha shamba na kuondoa mashina ya zamani ambamo mdudu hujificha. Kwa elimu ya wadudu, neno hilo lilikuwa kweli, na ni kweli hata leo. Lakini lilikuja kwa amri na kwa wakaguzi kuingia vibanjani mwa watu. Ali Migeyo, mmoja wa viongozi wa Tanganyika African Association wa huku kwetu, alihutubia watu wengi Kamachumu, ambayo leo imo wilayani Muleba. Polisi wakautawanya mkutano kwa moshi wa kutoa machozi, naye akatiwa gerezani.

Twawaomba mlifikiri sana jambo hili, kwa kuwa kwetu sisi lina mafunzo kuliko tani 47 za Bethlehem. Mtu yule yule aliyebeba nyasi kichwani miaka yote bila kuagizwa, ndiye aliyekataa kusafisha mashina alipoagizwa. Mkono ule ule, na mgomba ule ule. Wakubwa wa siku zile waliandika kwamba ni ukaidi. Sisi twasema kwamba mwenye kibanja alikuwa amegeuzwa kibarua katika kibanja chake mwenyewe.

Bwana Mwenyekiti, sasa hatuna budi kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika afisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Akaja mkuu mpya, mtu mwenye nia njema, akaweka daftari juu ya meza. Kila jioni kila karani aliandika hesabu ya karatasi alizozimaliza, na kila Ijumaa hesabu zilisomwa mbele ya wote. Wa kwanza alisifiwa. Wa mwisho aliulizwa, akiwa amesimama.

Mwezi wa kwanza hesabu zilipanda, na mkuu akafurahi. Zilipandaje? Barua iliyostahili jibu moja tuliipa mawili: kwanza tuliandika kwamba barua yako imepokelewa na inashughulikiwa, kisha baada ya siku mbili tukaandika jibu lenyewe. Karatasi nyepesi tuliziokota chini ya kikapu, na nzito tukazirudisha mahali pao. Tarishi wetu, aliyechoka kuchukua barua za kupokea barua, alituuliza kama tumefungua biashara ya bahasha.

Katika zile karatasi nzito palikuwa na jalada la mjane mmoja wa upande wa Muleba, aliyedai haki za marehemu mumewe. Marehemu alikuwa amefanya kazi vituo vitatu, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa L mahali pamoja na kwa R mahali pengine, kama yanavyopatwa majina mengi ya kwetu. Kulinyosha jalada lile kulitaka barua kwenda vituo vyote vitatu, kiapo, na kazi ya juma zima. Na katika daftari lingekuwa mstari mmoja tu. Nani angelichukua? Likazama.

Yule mama alikuja mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili tulimwambia, "Mama, rudi juma lijalo." Mara ya tatu tulijua kwamba ameuza mkungu wa ndizi ili apate nauli, maana alituambia mwenyewe, bila uchungu, kama mtu atoaye habari za safari. Kisha akasema, "Waitu, wanangu, sikuja kuwasumbua. Nataka kujua tu kama karatasi yangu ingali hai." Hakuna aliyemjibu upesi. Kila mmoja wetu alijua jalada lile liko chini ya kikapu kipi, maana kila mmoja alikuwa amekwisha lisukuma.

Mzee wa masijala, aliyebakiza miaka michache kustaafu, ndiye aliyeingia kwa mkuu akafunga mlango. Hatujui alisema nini. Twajua kwamba siku ya pili mkuu alilifunga daftari, na kwa hilo twamheshimu hata leo. Akatuuliza, "Ninyi mngepima nini?" Tulinyamaza, kwa sababu hatukuwa tumeulizwa kamwe. Mwisho mmoja wetu akasema, "Umri wa karatasi."

Tukapata ubao. Kila Jumatatu yaliandikwa majalada 10 yaliyo mazee kuliko yote, na mbele ya kila moja sababu ya kukwama kwake, bila jina la karani. Hapo ndipo tulipoona ajabu. Baadhi ya sababu zilikuwa zetu. Lakini nyingine zilisema: kituo fulani hakijajibu; hakuna wino wa mashine; mwenye kutia sahihi yuko safarini. Ubao ulimpima na mkuu. Haukumpendeza kila siku. Mara moja uliondolewa kwa kisa cha kupaka ukuta rangi, ukachelewa kurudi. Lakini ulirudi. Jalada la mama yule lilikaa juu ya orodha majuma 11, na katika hayo, mawili yalikuwa ya kungoja sahihi. Alilipwa. Hatukuthubutu kumwuliza jumla ya nauli yake.

Sasa tunaona wengine mmeanza kutabasamu, mkidhani tutasema kwamba mtumishi akipewa ubao na maneno mazuri hana haja ya mshahara. Hatusemi hivyo, wala tusingethubutu mbele ya chama hiki. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, walijua kuwa mtumishi hutaka elimu, heshima na fedha ya kutosha, vyote pamoja. Hata Frederick Herzberg, aliyewauliza wahasibu na wahandisi 203 wa Pittsburgh na kutoa kitabu chake mwaka 1959, aliona kwamba mshahara mbaya humwondolea mtu raha, ila mshahara mwema peke yake haumfanyi aipende kazi. Mtu hupenda kazi pale aonapo kwamba ametimiza jambo, na jambo hilo ni lake. Hizo ni haja mbili. Asije mtu akailipa moja kwa nyingine.

Tena tusiwalaumu wakuu peke yao. Toka mwaka 2004 tulikuwa na fomu za OPRAS, ambazo kwa kanuni zake mtumishi na msimamizi walipaswa kukaa pamoja mwanzo wa mwaka na kupatana juu ya malengo. Hapo mlango wa kuulizwa ulikuwa wazi. Je, tuliingia? Twajua sisi wenyewe ni mara ngapi tulizijaza mwisho wa mwaka, jioni moja, tukinakili ya mwaka uliopita. Baadaye umekuja mpango wa PEPMIS katika kompyuta, na kompyuta nayo hupokea kila itakachoandikiwa.

Kwa hiyo tuna ombi moja, Bwana Mwenyekiti. Kila mwanachama achukue karatasi hizi tulizozileta, aandike mambo mawili: katika afisi yake kinapimwa nini, na kama angeulizwa yeye, angepima nini. Asitaje afisi wala mtu. Bwana Katibu amekubali kuzipiga chapa zote pamoja katika gazeti letu lijalo, nasi tutazisoma mkutano ujao kabla ya kumwomba mkuu yeyote aje kutusikiliza. Nanyi wa Muleba, kwa kuwa majalada yenu ndiyo yenye safari ndefu, twawaomba mwanze. Karatasi ziko mezani, karibu na taa.