Hata Papa Alilalamikia Muziki wa Vijana



Juzi kituoni, nikisubiri basi, mzee mmoja aliitambua sauti yangu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, nyie watu wa redio mnatuua kwa makelele. Muziki wa zamani ulikuwa na adabu."

Nikamwuliza, "Zamani ipi, mzee wangu?" Nikampa kisa cha Ulaya ya Enzi za Kati.

Wengi wetu tukitajiwa muziki wa enzi hizo tunawaona watawa tu, wakiimba taratibu kwa sauti moja ndani ya kanisa lenye giza. Uimbaji huo ulikuwapo, na ni mtamu. Lakini haukuwa peke yake. Mwaka 1803, katika monasteri ya Benediktbeuern, Ujerumani, kilikutwa kitabu cha karne ya 13 kilichojaa nyimbo za mapenzi, za ulevi, za kamari, na za kuwakejeli wakubwa wa Kanisa!

Huko Hispania, Mfalme Alfonso wa 10, aliyefariki mwaka 1284, alikusanya nyimbo zaidi ya 400, nyingi zikisimulia miujiza ya Bikira Maria. Picha za vitabu vyake zinaonyesha filimbi, ngoma, matoazi na vinanda vya kila namna. Udi nao umo, huu huu wa taarabu yetu. Wazungu waliupata kwa Waarabu, wakatengeneza wa kwao.

Ilipofika miaka ya 1320, Papa Yohane wa 22 alichoka. Akatoa waraka kuwakemea watunzi wa mtindo mpya: wanakatakata sauti, wanarundika nota fupi fupi, wanaingiza nyimbo za mitaani katika ibada. Je, waliacha? Wapi! Guillaume de Machaut, kijana wa wakati huo, baadaye alitunga Misa ya sauti nne kwa mtindo huo huo. Leo watu wazima huisikiliza wametulia tuli, wamevaa tai.

Mzee akacheka. Nikamwambia: haya tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Nyimbo zisizo na idadi za masokoni na harusini, ambazo hakuna aliyeziandika, zilikufa na waimbaji wake.

Na hapo ndipo roho inaponiuma. Zamani, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, kanda zilikuwa haba. Tulifuta ngoma za vijijini ili turekodi hotuba. Kidole kilichobonyeza kitufe kilikuwa changu. Hotuba zile hakuna anayezikumbuka, na ngoma zile hakuna atakayezisikia tena.

Nikamwuliza mzee, "Hizo nyimbo zako zenye adabu, nani amezirekodi?"

Akanyamaza. Basi likaja. Kabla hajapanda akanielekeza kwake. Jumamosi nitakwenda na kinasa sauti changu.

Nawe msikilizaji, kwenu yupo nani anayezijua?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.