Protini za Dang'a na Kinga ya Utumbo: Mtoto Aliyezaliwa kwa Upasuaji



Nimeombwa nieleze jinsi protini za maziwa ya mama zinavyomkinga mtoto na bakteria wa tumboni. Hili nitalipitia haraka, maana nyote, waganga na wakunga, mmelisoma chuoni. Laktoferini hushika madini ya chuma, bakteria kama E. koli na Shigela wakayakosa na kushindwa kuzaana. Lisozaimu hubomoa kuta zao. Kingamwili za IgA hutanda kwenye utumbo na kuwazuia wasijishikize. Na kwa kuwa mama huzitengeneza dhidi ya vijidudu alivyokwisha kukutana navyo, humfaa mtoto atakayeishi naye nyumba moja. Laktoferini na IgA zimejaa zaidi katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama.

Nije kwenye jambo linaloniumiza. Kwa miaka mingi tumewalaumu bibi na mashangazi kwa kumwaga dang'a, huku ndani ya wodi zetu wenyewe ikipotea kila siku. Mama akijifungua kwa upasuaji, mtoto hukabidhiwa ndugu kwenye benchi la korido. Akilia, ndugu anatumwa duka la dawa kununua maziwa ya kopo. Maji ya kuyakorogea yanatoka kwenye chupa ya chai, kikombe kimesuuzwa bombani, na maziwa ya unga yenyewe hayatoki kiwandani yakiwa hayana kijidudu hata kimoja. Mchanganyiko huo ndio unaotangulia kufika kwenye utumbo mchanga usio na kinga.

Ukiuliza, unajibiwa: "Maziwa hayajatoka." Yametoka! Siku ya kwanza mtoto hupata takriban kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya, na tumbo lake halihitaji zaidi. Ganzi ya mgongoni haimpotezei mama fahamu. Yuko macho, anaweza kunyonyesha akiwa bado chumba cha uangalizi. Aliyelazwa usingizi naye anaweza, mara akizinduka vizuri.

Simnyooshei mtu kidole. Najua usiku mkunga mmoja huachiwa wodi nzima. Lakini Hatua Kumi za Unyonyeshaji zipo tangu 1989, zikahuishwa 2018, na ya sita inakataza kumpa mtoto anayenyonya kitu kingine bila sababu ya kitabibu. Bango limebandikwa ukutani, na kopo liko kwenye kabati chini yake.

Napendekeza chumba cha uangalizi kipangiwe mkunga wa kusimamia unyonyeshaji, jina lake lionekane kwenye ratiba ya zamu. Mama asiyeweza kukaa anyonyeshe amelala ubavu. Akishindwa kabisa, akamuliwe kwa mkono na mtoto anyweshwe dang'a hiyo kwa kikombe safi. Mtoto njiti asiyeweza kunyonya ndiye anayeihitaji zaidi, kwa hiyo mama yake akamuliwe mapema. Maziwa ya kopo yatolewe kwa agizo la daktari tu, lenye sababu na sahihi. Duka la dawa la hospitali lisiyauze bila agizo hilo. Ndugu waelezwe tangu kliniki kwamba dang'a huwa kidogo. Muda wa mtoto kunyonya mara ya kwanza uandikwe kwenye faili, kama tunavyoandika uzito. Narudia: maziwa ya kopo kwa agizo tu, na muda uandikwe.

Kuongeza mstari mmoja kwenye faili hakusubiri bajeti. Waganga wafawidhi mliopo hapa, nawaomba mkirudi vituoni mwenu muuongeze wiki hii.