Mtoto Aliyeangushwa Njiani

(Hotuba ya walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu)



Sisi walimu tumepewa nafasi tuseme machache juu ya thamani ya mtu mbele ya Mungu. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tungali watoto, tukiwa mgongoni mwa mama au katikati ya mizigo ndani ya mtumbwi. Tumekulia hapa, na sasa tunawafundisha waliozaliwa hapa.

Muhula uliopita tuliwaambia wanafunzi waandike sentensi tatu kujibu swali: Mimi ni nani? Mmoja aliandika namba ya kadi ya chakula ya familia yao na idadi ya watu waliomo. Basi. Tulitafuta la kusahihisha, tukakosa.

Ndipo tukamkumbuka Mefiboshethi, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Alikuwa na umri wa miaka mitano ilipofika habari kwamba baba yake Yonathani na babu yake Sauli wamekufa vitani. Mlezi wake akambeba, akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Akina mama mliokimbia usiku mnaelewa. Mlezi yule hatumlaumu. Mtoto alihifadhiwa Lo-debari, nyumbani mwa mtu aitwaye Makiri. Miaka ikapita, mfalme Daudi akamwita, naye akajilinganisha na mbwa mfu. Hilo ndilo jeraha la pili, nalo hukawia kupona kuliko miguu.

Daudi hakumwuliza anajua kazi gani. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme, kwa ajili ya Yonathani. Miguu haikupona, lakini alikula mezani. Sisi Wakristo tunaiita neema: kupewa kwa ajili ya mwingine. Tumepokelewa kwa ajili ya Kristo, si kwa cheti cha ualimu, wala kwa motisha ya mwezi, wala kwa jina kuwamo katika orodha ya kwenda Marekani. Safari hizo zilisimamishwa Januari 2025, na baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kuuza hata masufuria. Siku zile tulijiona mbwa wafu kweli, walimu wazima.

Na Makiri je? Daudi mwenyewe alipomkimbia mwanawe Absalomu, Makiri alikuwa miongoni mwa watu waliomletea vitanda, vyungu, ngano, unga, maharagwe na dengu. Ndugu zetu wa mashirika wataona ni kama orodha ya ghala. Mfalme naye alipokea posho.

Hapa lazima tuungame jambo. Mwaka 2015 Warundi walipofika kwa maelfu, shule na makanisa yetu yaligeuzwa malazi. Sisi walimu tulinung'unika. Sisi ambao tulipokelewa bila kuulizwa thamani yetu, tulisimama mlangoni tukihesabu madawati. Tulisema mbele ya watu kwamba watayapasua wayafanye kuni. Mzee mmoja wa Kirundi alitusikia, akainama, hakujibu. Walipohamishiwa kwenye mahema tulikwenda kukagua chumba. Kilikuwa kimefagiwa, ubao umefutwa, na madawati yote yamepangwa ukutani. Mawili yaliyokuwa yamevunjika tangu zamani yalikuwa yamegongwa misumari. Misumari walitoa wapi, hatujui hadi leo.

Tulirudisha watoto darasani, na neno la samahani hatukulisema. Mtu asiyejua kwamba ameketishwa mezani kwa neema huona kila anayeingia amekuja kumnyang'anya kiti. Ndivyo tulivyokuwa, na tulikuwa tukiongoza sala kila asubuhi.

Urejeshaji wa Warundi ulianza mwaka 2017, na yule mzee alipanda basi kurudi kwao kabla hatujamfuata. Lakini tunawafahamu akina mama wawili waliolala katika chumba kile, nao wameketi pale upande wa kushoto, mstari wa tatu. Ndugu Mwenyekiti, tunaomba ruhusa tushuke sasa, twende tukawasalimu.