Mlango wa Jarida

Juma hili nazungumzia Convorbiri Literare, jarida la fasihi la Rumania. Lilianzishwa mwaka 1867 mjini Iaşi na wasomi wa chama cha Junimea, wakali sana kwa maandishi ya kuiga. Mwaka 1875 mshairi Eminescu akawaletea rafiki yake Ion Creangă, mtoto wa mkulima, shemasi aliyevuliwa ushemasi, kosa lake mojawapo likiwa kwenda kutazama michezo ya kuigiza. Walimsikiliza, wakacheka, wakachapa hadithi zake kwa lugha ile ile ya kijijini. Hadi leo watoto wa Rumania huzisoma shuleni. Najiuliza: je, wangemfungia mlango kwa sababu ya ushamba wa maneno yake? Wahariri wenzangu, tutafakari. Kwaherini.