KUNUNUA NA KUTUNZA MOTOKAA ILIYOKWISHA KUTUMIKA
Mazungumzo kwa wakulima na wafanya kazi wa nchi ya chai, Kericho na Bomet



Kila mwaka, karibu na mwezi wa Oktoba, wakulima wa Kericho na Bomet wanaopeleka majani ya chai katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupokea malipo yao ya mwisho wa mwaka, yaani bonasi. Fedha hizo ndizo ada ya shule, ndizo mabati ya nyumba, ndizo ng'ombe wa maziwa. Na kwa wengine ndizo motokaa ya kwanza katika ukoo. Kutaka motokaa si jambo baya. Mwenye motokaa aweza kumfikisha mgonjwa Kapkatet, Longisa au Tenwek usiku wa mvua, na aweza kupeleka maziwa na mboga sokoni kabla hazijaharibika.

Lakini yafaa kila mtu akumbuke neno moja kabla ya kutoa fedha zake: motokaa hununuliwa siku moja, na hulishwa kila siku. Wengi hufikiri sana juu ya siku ile moja, na siku nyingine zote husahauliwa. Ndiyo sababu twaona motokaa zimesimama nyuma ya nyumba, nyasi zimeota kati ya magurudumu, na bonasi ya mwaka mzima imelala pale pale.

SI AIBU KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Wako watu wanaodharau motokaa iliyotoka mikononi mwa mtu mwingine. Hao wakumbuke habari za Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932. Huyu alikuwa fundi wa motokaa. Mwaka wa 1965, pamoja na nduguye Jaswant, alishinda mashindano makubwa ya Safari ya Afrika ya Mashariki kwa motokaa ya namna ya Volvo PV544. Motokaa hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kuwa yake. Baadaye alishinda tena mwaka wa 1974 na mwaka wa 1976, akiendesha Mitsubishi Lancer. Alifariki mwaka wa 2013, na jina lake lingali likitajwa kila panapozungumzwa habari za Safari.

Volvo ile ilishinda kwa sababu mwenyewe alijua kila kilichokuwa ndani yake, akairekebisha kabla haijaharibika njiani. Upya wa rangi haukuwa na kazi katika ushindi huo. Basi motokaa iliyotumika si kitu cha aibu. Aibu ni kuinunua bila kuijua.

HESABU KWANZA

Mtu akipata shilingi 600,000, asitafute motokaa ya shilingi 600,000. Huo ni mfano tu, lakini kanuni yake ni ya kweli kwa fedha nyingi na kwa fedha chache. Yafaa aweke kando sehemu moja katika tano, yaani shilingi 120,000, kwa ajili ya mambo ambayo hayana budi kuja katika miezi ya kwanza: kubadili jina la mwenye gari, bima, mafuta mapya ya injini na ya gia, na mara nyingi tairi, betri au vitu vya breki.

Kisha achukue karatasi aandike gharama za mwaka: petroli, bima, mafuta ya injini, tairi na fundi. Jumla hiyo aigawanye kwa miezi 12. Kiasi kitakachopatikana akilinganishe na malipo yake ya kila mwezi ya majani, wala asikilinganishe na bonasi. Bonasi hupanda na kushuka pamoja na bei ya chai katika mnada wa Mombasa, lakini motokaa haijui habari za mnada. Ikiwa malipo ya mwezi hayatoshi chakula, ada na petroli, basi wakati wa motokaa haujafika bado, na hakuna haya katika kungoja.

NAMNA IFAAYO NCHI YA MILIMA

Mji wa Kericho uko juu, yapata meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza nguvu zake, kadiri ya sehemu moja katika tano. Motokaa ndogo ya sentimeta za ujazo 1,000, iliyokimbia vizuri katika tambarare za Nairobi, huchoka ikipanda mlima na watu watano na magunia mawili. Kwa mtu mmoja na mkewe, wanaokaa karibu na barabara ya lami, Toyota Vitz au Mazda Demio yaweza kutosha. Kwa mtu wa mizigo na njia ya udongo, injini ya 1,300 au 1,500 ni bora zaidi. Ndiyo sababu Toyota Probox, ambayo ilianza kutengenezwa Japani mwaka wa 2002 kuwa gari la kazi, imependwa sana katika Kenya.

Tena atazame nafasi iliyo kati ya tumbo la motokaa na ardhi. Njia nyingi za kwenda vituo vya kupimia majani zina mifereji iliyochimbwa na mvua. Motokaa iliyo chini sana hugonga sahani ya mafuta ya injini juu ya jiwe. Mafuta yakimwagika na dereva akiendelea na safari, injini hufa. Mwisho aulize kama vipuri vyake vyapatikana Kericho, Litein au Bomet. Motokaa ambayo kipuri chake hungojwa kutoka ng'ambo haifai kwa mtu wa kijijini, hata ikiwa nzuri namna gani.

KUKAGUA KABLA YA KUTOA FEDHA

Motokaa nyingi zilizotumika hutoka Japani. Kwa kanuni ya Kenya, isiyo mpya haiingizwi nchini ikiwa imepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na lazima usukani wake uwe upande wa kulia. Lakini motokaa inayouzwa mjini Sotik huenda ilifika zamani, ikapita mikononi mwa watu watatu au wanne. Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na neno la "imetoka Japani".

Aitazame mchana, wala si usiku wala si wakati wa mvua, kwa sababu maji huficha mikwaruzo na rangi iliyopakwa upya. Aende na fundi wake mwenyewe, asiye rafiki wa muuzaji. Afike kabla injini haijawashwa siku hiyo, aguse boneti. Ikiwa ya moto, aulize kwa nini. Injini baridi ndiyo isemayo kweli.

Afungue kifuniko cha mafuta ya injini. Akiona utandu mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamechanganyika na mafuta, na hiyo ni dalili ya maradhi makubwa. Kisha injini iwashwe, atazame moshi. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi.

Hesabu ya kilomita haiaminiki peke yake, maana wako wadanganyifu wanaoirudisha nyuma. Ikiwa mita yasema kilomita 60,000, lakini mpira wa pedali ya breki umelika, usukani umekuwa laini kama kipini cha jembe, na kiti cha dereva kimezama, basi mita yasema uongo. Motokaa iliyonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada iliyoandikwa kilomita zake na makosa yake. Muuzaji mwaminifu hataificha.

Tairi nazo zina umri wake. Ubavuni pameandikwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi kuukuu hukauka na kupasuka hata kama meno yake yangali marefu.

Mwisho aiendeshe, apande mlima na kuushuka, katika lami na katika udongo. Motokaa ikivuta upande mmoja, au ikilia chini kila ipitapo shimo, fundi aeleze sababu na gharama kabla ya bei kukubaliwa.

HATI

Nambari ya chasisi iliyogongwa katika chuma na ile iliyoandikwa katika logibuku lazima ziwe moja. Mnunuzi afanye uchunguzi wa motokaa katika NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, kwa njia ya eCitizen. Hapo ataonyeshwa jina la mwenyewe wa kweli. Likitokea jina la benki au la kampuni ya mikopo, motokaa hiyo ni rehani, na muuzaji hana haki ya kuiuza mpaka deni limelipwa.

Sheria yataka mwenye mpya aandikishwe katika siku 14. Wengine hukaa miaka mingi na motokaa yenye jina la mtu mwingine. Siku ya ajali au ya wizi, mmoja hana gari na mwingine ana kesi. Asiyejua kutumia simu kwa kazi hii aende Huduma Centre akasaidiwe. Kuuliza si ujinga.

KUITUNZA KILA SIKU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, mwenye motokaa atazame mambo matano: mafuta ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya breki, tairi, na ardhi iliyo chini ya motokaa kama ina matone. Kazi hii haichukui muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Mafuta ya injini yabadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na chujio lake. Katika rejeta itiwe dawa yake, wala si maji ya mto. Huku juu maji matupu huchemka mapema, kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, na matope yake huziba mishipa ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Motokaa ndogo nyingi za siku hizi zina gia zinazojibadilisha zenyewe, na baadhi yake ndani mna mkanda wa chuma na puli mbili. Gia hizo hutaka mafuta ya namna yake ya pekee. Fundi akitia mafuta yoyote aliyo nayo, gia zaweza kuharibika, na gia nyingine huenda zikagharimu sehemu kubwa ya bei ya motokaa. Basi mwenye motokaa asimame hapo, asome jina lililo juu ya kopo.

Matope mekundu yaoshwe chini ya motokaa, maana hushika unyevu na kuleta kutu. Motokaa isiyotembea siku nyingi hupata wageni: panya huingia chini ya boneti na kutafuna nyaya. Na kila kilichofanywa kiandikwe, tarehe, kilomita na bei. Mali bila daftari huisha bila habari.

BREKI NA MITEREMKO

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na abiria, na watu zaidi ya 50 wakafa. Msiba huo ulionyesha jinsi chombo kimoja kisichozuilika kinavyoweza kuangamiza watu wasiokuwa na kosa.

Katika miteremko, dereva asikanyage breki mfululizo, kwa sababu breki zikipata moto sana hazishiki tena. Aweke gia ndogo mapema, kabla ya kuanza kushuka. Katika gia za kujibadilisha atumie herufi L au S, au tarakimu 2. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Wakati wa ukungu taa ziwashwe hata mchana, na mwendo upunguzwe.

ABIRIA WA KULIPA

Sheria ya Kenya yalazimisha kila motokaa iwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Lakini bima ya motokaa ya mtu binafsi si bima ya kuchukua abiria kwa nauli. Mwenye motokaa anayepakia jirani wanane ili apate petroli ya kurudia, siku akipatwa na ajali, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa. Hapo shamba la chai ndilo litakalotafutwa na wenye kudai. Anayetaka biashara ya abiria apate leseni na bima ya biashara hiyo kwanza. Asiyetaka, amchukue mgonjwa wa jirani kwa hisani, na nauli aikatae.

Basi mwenye kuipata bonasi yake mwaka huu asikimbilie motokaa ya kwanza iliyong'arishwa. Aketi na mkewe na watoto wake wakubwa, wafanye hesabu pamoja. Na atakapoinunua, aitunze kama atunzavyo mche wa chai: kwa kazi ndogo ya kila siku, katika mvua na katika jua.