Uongo wa Kumsitiri Jirani: Je, Una Nafasi katika Maadili ya Kikristo?

Mada iliyosomwa mbele ya wachungaji, makatekista na walimu wa dini, Meru



Swali nililopewa ni kama Mkristo aweza kusema uongo pasipo kutenda dhambi, na bila shaka wengi wenu mlipolisoma mliona kuwa jibu lake ni la neno moja, nalo ni hapana, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa sote katika darasa la ubatizo, Wamethodisti na Waanglikana wakiihesabu amri yenyewe kuwa ya tisa, na Wakatoliki wakiihesabu kuwa ya nane. Jibu hilo silipingi kwa wepesi. Walakini twasema haya katika nchi ambayo wazee wake waliwahi kugongewa mlango usiku na mtu mwenye silaha, wakaulizwa kama fulani yumo ndani, nao wakajibu kuwa hayumo, ilhali amelala darini juu ya vichwa vyao. Na wazee hao asubuhi yake walikwenda kanisani kama kawaida. Itakuwa ni uvivu wa fikira kuwaambia kwamba walitenda dhambi bila kwanza kuuliza amri ilikataza nini.

Nitaeleza mapema ninaloliamini. Naona kwamba kumnyima ukweli, hata kwa maneno ya uongo, mtu aliyekuja kumwaga damu au kuujeruhi mwili wa asiye na hatia, si kuivunja amri bali ni kuitii; lakini mlango huo ni mwembamba mno, na sisi watu wa Kanisa tumezoea kuupitisha mizigo yetu wenyewe.

Wa kwanza kuulizwa awe Mwafrika mwenzetu. Augustino, mzaliwa wa Tagaste na askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya uongo yapata mwaka 395, kisha akalirudia jambo hilo hilo yapata mwaka 420, alipopata habari kwamba Wakristo fulani wa Hispania walitaka kujifanya wazushi ili wawanase wazushi. Aliugawa uongo katika mafungu manane, akianza na ule unaosemwa katika kuifundisha dini, ambao kwake ndio mbaya kuliko wote, akashuka hadi ule usiomdhuru mtu yeyote na unaomkinga mtu na unajisi wa mwili. Na wote akauhukumu kuwa ni dhambi, ijapokuwa si kwa uzito mmoja. Akatoa mfano wa Firmo, askofu wa Tagaste, ambaye maofisa wa mfalme walimtaka amtoe mtu aliyemficha, naye akawajibu kwamba hawezi kusema uongo wala hawezi kumsaliti mtu. Akateswa, akastahimili, hata habari ikamfikia mfalme mwenyewe, na yule mtu akasamehewa.

Ni kisa kizuri, nami kila nikisomapo humstahi Firmo. Lakini tutazame ni mwili wa nani uliotolewa. Firmo alikuwa na mwili wake wa kutoa, naye aliutoa kwa hiari. Mama wa Imenti au wa Kyeni, wakati wa Hali ya Hatari, mwenye watoto watano na mume aliye kizuizini, angaliwajibu askari kwa ushujaa kwamba hatasema wala hatasaliti, jibu lake lingalikuwa ni kukiri kwamba mtu yumo. Nyumba ingalichomwa, na adhabu ingalimshukia aliye darini na watoto walio jikoni kabla haijamfikia yeye. Kunyamaza, ambako wanazuoni wengi hukutaja kana kwamba ni kimbilio lililo wazi daima, ni anasa ya mtu ambaye ukimya wake hauhesabiwi kuwa jibu.

Hata mababa wa Kanisa hawakuwa na kauli moja. Yohana Krisostomo, katika kitabu chake juu ya ukuhani, aliitetea hila ifanywayo kwa nia njema, na Kasiano alisimulia mafundisho ya mzee mmoja aliyeona kuwa uongo waweza kutumiwa pale tu mauti yanapokuwa karibu. Katika karne ya kumi na tatu Thoma wa Akwino alisimama na Augustino, akitenga uongo wa madhara, wa mzaha na wa msaada, na huu wa mwisho akauhesabu kuwa dhambi ndogo. Kant, ambaye hakuwa mwanateolojia lakini amewalea wanateolojia wengi, alishikilia mwaka 1797 kwamba hata muuaji aliye mlangoni astahili kuambiwa kweli. Wengine walitafuta njia ya ujanja, ya kusema nusu ya sentensi kwa kinywa na kuimalizia moyoni, hata Papa Inosenti wa Kumi na Moja akaikataza njia hiyo mwaka 1679, na alifanya vema, kwa maana aliyesema uongo wazi angalau ajua alilolifanya. Na kwamba jambo hili halijatulia hata katika siku zetu, tazameni Katekisimu ya Kanisa Katoliki: toleo la mwaka 1992 lilipoeleza maana ya uongo lilitaja kumpotosha mtu aliye na haki ya kuujua ukweli, na toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997 likayaondoa maneno hayo ya haki. Sikubaliani na walioyaondoa.

Nasema hivyo kwa sababu amri yenyewe, tukiisoma mahali pake, ni ya barazani. Yamkataza mtu kumtolea jirani yake ushahidi wa uongo. Na jambo hili mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, hahitaji kufasiriwa na mmisionari. Katika kiapo cha nthenge, yaani beberu, ambacho hata wenye kesi za mashamba katika mahakama za Meru wamewahi kukubaliana kumalizia mashauri yao, mwenye kuapa uongo huaminiwa kuwa amejiitia mauti yeye na jamaa zake. Mkristo hukiogopa kiapo hicho kwa sababu ya damu ya beberu, naye ana haki ya kukikataa. Lakini asiidharau elimu iliyo ndani yake, kwamba uovu wa uongo hupimwa kwa jirani anayeporwa shamba, jina au uhai. Vivyo hivyo katika Maandiko: wakunga wa Kiebrania walimdanganya Farao ili watoto wa kiume wasiuawe, na Mungu akawatendea mema; Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, aliwaelekeza vibaya watu wa mfalme, na Agano Jipya lamtaja mara mbili kwa sifa. Wafasiri husema alisifiwa kwa imani yake na ukarimu wake, si kwa uongo wake. Nakubali, lakini ningependa mtu anionyeshe jinsi ukarimu ule ungalifanyika jioni ile pasipo uongo ule.

Sasa turudi nyumbani. Hali ya Hatari ilipotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru ndio waliowekwa katika fungu moja la shaka, wakapewa vipande, yaani vitambulisho, vya pekee, na kuanzia mwaka 1954 wakasukumwa katika vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mahandaki. Mtu mmoja aliweza kuulizwa na pande mbili kabla hakujapambazuka: watu wa msituni wakitaka kujua nani apelekaye habari serikalini, na homgadi, walinzi wa upande wa serikali, wakitaka kujua nani apelekaye chakula msituni. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Miaka ile, njia ya mkweli ilikuwa fupi zaidi. Wako Wakristo wa uamsho, walioitwa ahonoki, waliokataa kiapo cha Mau Mau hadharani, na baadhi yao wakakataa pia bunduki za serikali, na wengine wakauawa kwa kukataa huko. Hao walikuwa kina Firmo wetu, na heshima yao haipunguzwi na lolote nitakalosema.

Lakini watazameni na wale wengine. Katika kambi za kizuizini za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa katika wilaya ya Embu, kukiri kiapo ndiko kulikokuwa ufunguo wa kutokea, na kwa mapigo yale walikuwako waliokiri viapo ambavyo hawakuvila. Huyo aliyejishuhudia uongo nafsi yake ili apone sioni ni jirani gani aliyemdhulumu. Aliyetaja majina ya watu wasiohusika ili mapigo yakome, huyo ameangukia ndani kabisa ya amri, ijapokuwa mimi si mtu wa kumhukumu, wala yeyote ambaye hakupigwa. Kisha yuko gakunia, mtu aliyefunikwa gunia kichwani, akapitishwa mbele ya safu za watu, akitikisa kichwa kwa huyu na kwa yule. Huenda kila alilolishuhudia lilikuwa kweli tupu; na kweli hiyo ilimpeleka jirani yake kizuizini au kwenye kitanzi. Kipimo cha Augustino humwachilia gakunia na kumshika mama wa darini. Nami kipimo kinachotoa hukumu kama hiyo siwezi kukitumia katika Meru.

Serikali nayo ilikuwa na uongo wake. Watu 11 walipouawa kwa kupigwa katika kambi ya kizuizini ya Hola tarehe 3 Machi 1959, tangazo la kwanza liliwaeleza walimwengu kwamba mauti yao yalitokea baada ya kunywa maji. Uongo wa mwenye nguvu kumkinga mwenye nguvu haujapata kukosa watetezi wenye elimu.

Kufikia hapa yaweza kudhaniwa kwamba nimeona kanuni iliyo rahisi, yaani uongo wa kumlinda mwingine ni halali na wa kujilinda nafsi ni haramu. Kanuni hiyo yavunjika hapa hapa Meru, katika habari ya Ngaitana. Mwezi wa Aprili 1956 baraza la Njuri Ncheke, wanaume watupu, kwa kauli moja lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wakaipokea marufuku hiyo kwa ukaidi uliowashangaza watawala: wakashika wembe, wakakatana wenyewe kwa wenyewe, na jina walilopewa, Ngaitana, ndilo lililokuwa jibu lao, kwamba nitajitahiri mwenyewe. Baina ya mwaka 1956 na 1959 wasichana, wanaume na wanawake zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri ile. Wako waliokatana kweli; lakini msichana ambaye nyuma yake palikuwa na nyanya au ngariba, naye akasimama mbele ya wazee akasema ni mimi peke yangu, alisema uongo wa kumsitiri jirani, pasipo faida yake mwenyewe, akijitwika hatia isiyo yake. Kwa kanuni ile rahisi, yeye ni sawasawa na Rahabu.

Wala sidhani kuwa ni sawasawa. Mapenzi yake kwa nyanya yake yalikuwa ya kweli, na mimi sitamwita mwovu mtoto wa miaka kumi na minne. Lakini kilichositiriwa na maneno yake kilikuwa ule wembe, na wembe ulikuwa umewekwa tayari kwa ajili ya mdogo wake. Basi haitoshi kuuliza uongo umemlinda nani. Hapana budi tuulize pia mtu huyo, akisha kulindwa, atakwenda kufanya nini, na ni mwili wa nani utakaolipa. Mama wa darini alimsitiri mtu asikatwe. Ngaitana alisitiri kukata.

Napenda kuongeza, kwa kuwa jambo hili hutuhusu sisi zaidi kuliko serikali, kwamba Kanisa lilikuwa na sehemu yake katika kuwafundisha watu hawa kuficha. Miaka ya 1929 na 1930, huko Chogoria, misheni ya Kiskoti iliwataka waumini watie alama ya kidole, kirore, kuthibitisha kwamba wameukana ukeketaji, na wengi wakatoka. Waliobaki hawakuwa wote wameshawishika. Ukimtaka mtu dole gumba lake usiku mmoja kwa jambo ambalo hujazungumza naye mchana kutwa, umemzoeza kukupa kidole na kuuzuia moyo. Kinyume chake ni yale yaliyoanza mwaka 1996 huko Gatunga, katika Tharaka, yaitwayo Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno, ambapo wasichana walifundishwa na kusherehekewa bila wembe. Huko watu waliitwa wazungumze, na aliyeitwa kuzungumza hana haja kubwa ya kudanganya.

Leo sheria ya mwaka 2011 yakataza ukeketaji, na hata yamhesabia hatia mtu ajuaye kwamba utafanyika akanyamaza. Basi fikirini mlezi wa nyumba ya wasichana waliokimbia, anapojiwa na baba na wajomba jioni, wakiuliza kwa upole kama binti yao amefika hapo. Akinyamaza, wamejua. Akijibu hapana, amesema uongo. Mimi namwambia ajibu hapana, kwa sauti thabiti, kisha kesho yake aende kwa chifu na polisi aseme kweli yote. Maana kinachoutenga uongo huo na hadaa ya kawaida ni kwamba msemaji yuko tayari kuufunua mbele ya kila mwenye haki, tena mapema, na kuyapokea yatakayomfika. Jirani zetu Waislamu, ambao wana hadithi mashuhuri iliyoruhusu mambo machache ya aina hii katika vita na katika kusuluhisha, nao huonya vivyo hivyo kwamba rukhusa ya dharura haitoki nje ya dharura.

Uongo wetu wa kila siku haufiki mlango huo. Mzee wa kanisa aliyemwongezea binti umri katika cheti ili ndoa ifungwe, mweka hazina aliyesoma hesabu za harambee zisizolingana na daftari, mhubiri aliyeshuhudia uponyaji ambao mgonjwa mwenyewe hakuuona: hawa wote hudai kuwa walilinda amani, au jina la Kanisa, au imani ya wadogo. Hakuna aliyekuja na panga mlangoni mwao. Augustino alikuwa na haki kuuweka uongo wa dini juu ya orodha yake yote, na hapo nakubaliana naye neno kwa neno.

Kwa hiyo naiomba semina hii mambo yasiyo makubwa. Katika darasa la ubatizo, amri ya uongo ianze kufundishwa kwa habari ya ushahidi na jirani, na Rahabu asirukwe. Wazee waliosema hayumo wakati wa Hali ya Hatari, na ambao baadhi yao hubeba jambo hilo hadi leo kama dhambi isiyoondolewa, wafuatwe majumbani mwao na waambiwe waziwazi na mchungaji kwamba Kanisa haliwashtaki. Mlezi aliyemficha msichana asizuiwe Meza ya Bwana hata Jumapili moja. Na yule mzee wa kanisa aliyeandika umri wa uongo, huyo aitwe mbele ya baraza la kanisa, aulizwe.